Je, bahari mpya inafunguka mbele ya Dar es Salaam?

*"Shikamoo Mwalimu. Naishi Kigamboni na mama, nyumba aliyotuachia marehemu baba, kama mita mia tatu kutoka ufukweni. Lile tetemeko la Agosti 2020 lilipopita usiku tulikimbia nje, na tangu hapo kuna ufa umetokea juu ya dirisha la chumba cha mama. Sasa kaka yangu aliyeko Maskati ametutumia video inayosema Afrika inapasuka, bahari mpya inafunguka, na ufa wenyewe umeshafika baharini mbele ya Dar es Salaam. Anataka tuuze kiwanja kabla bei haijaporomoka. Mama naye anasema maji ya kisima yameanza kuwa na chumvi, ndiyo bahari inaingia chini kwa chini. Je, ni kweli sakafu ya bahari inapasuka kwetu? Tsunami itakuja? Tuuze?"*

Marahaba, mwanangu. Nianze na lile unalolisubiri: msiuze kiwanja cha marehemu kwa sababu ya video. Kama mna sababu nyingine, hiyo ni ya kwenu ndani. Lakini usimwambie kaka yako kwamba ni mwongo, maana si mwongo. Amechukua mambo kadhaa ya kweli, ambayo kila moja lina mahali pake na mwendo wake, akayapika chungu kimoja. Nitayatenganisha, kisha twende kwenye ule ufa wa dirishani. Huo unanisumbua kuliko bahari mpya.

Tetemeko mlilolisikia lilikuwa la tarehe 12 Agosti 2020, mnamo saa mbili usiku. Ukubwa wake ulikuwa karibu 6, na chanzo chake kilikuwa chini ya sakafu ya bahari, nje ya pwani ya Dar es Salaam. Lilisikika Zanzibar, Mombasa, mpaka Nairobi. Mimi nilikuwa barazani na kikombe cha chai ya tangawizi. Sikusikia muungurumo wowote, niliona tu chai inacheza yenyewe, na jirani akapiga kelele kwamba lori limegonga ukuta wake.

Mawimbi ya tetemeko yanaponaswa na vipimo vya nchi mbalimbali, tunaweza kujua mwamba ulikatika kwa namna gani: ulibanwa, ulisuguana kwa ubavu, au ulivutwa. Huu ulivutwa. Upande mmoja wa ufa uliteleza ukashuka, kama mtu anayeshushwa kitako kwenye mteremko wakati wawili waliomshika mikono wanaachana. Kwa hiyo jibu la swali lako la kwanza ni ndiyo, sakafu ya bahari yetu inavutwa na ina nyufa. Ila kuvutwa ni jambo moja, na kuzaliwa kwa bahari ni jambo jingine kabisa.

Chukua donge la unga wa chapati uliloliacha nje mpaka juu likakauka. Lishike pande mbili ulivute polepole. Ndani, kwenye unyevu, unga unanyumbuka tu na kuwa mwembamba. Juu, pale palipokauka, panapasuka mistari mistari, na katikati panabonyea. Gamba la dunia hufanya hivyohivyo. Kilomita kumi na kitu za juu ni baridi na ngumu, kwa hiyo zinakatika, na kila kukatika ni tetemeko. Chini yake mwamba una joto, unajivuta bila kelele. Mahali palipobonyea katikati ndipo tunapopaita bonde la ufa. Ziwa Tanganyika, Ziwa Nyasa, Manyara, Naivasha, yote yamekaa ndani ya mibonyeo ya aina hiyo.

Shuleni tulifundishwa mikono miwili ya Bonde la Ufa, wa mashariki na wa magharibi. Walimu wetu hawakukosea, isipokuwa bahari walikuwa hawaioni. Siku hizi tunajua kuna mkono mwingine unaopita majini, kando ya pwani ya Tanzania na kaskazini mwa Msumbiji. Sehemu yake inayojulikana zaidi ni bonde la Kerimba, lililolala chini ya bahari mbele ya Cabo Delgado. Wanasayansi walianza kulitilia shaka kwa sababu ya matetemeko, likiwamo moja la mwaka 1985 lililozidi ukubwa wa 6. Picha kamili ilikuja baadaye, pale meli za utafiti wa mafuta na gesi zilipopiga mawimbi ya sauti kuelekea sakafuni na kusikiliza mwangwi. Walitafuta gesi, wakaona pia matabaka ya matope yaliyokatwa na kushushwa na nyufa, mengine matabaka machanga sana kwa hesabu za kijiolojia.

Mvuvi wa Pemba hahitaji meli ya utafiti kuujua mbonyeo. Kati ya Unguja na bara maji ni mafupi, hayafiki hata mita mia. Lakini Mkondo wa Pemba unashuka mpaka mita mia kadhaa, ndiyo maana nduaro wanapita pale na si mbele ya Bagamoyo. Kisiwa cha Pemba kimesimama pembeni ya gamba lililoshushwa na nyufa. Unguja na Mafia zenyewe zimekaa juu ya ukingo wa bara.

Sasa bahari huzaliwaje? Hapa ndipo video nyingi zinapoharibu, kwa sababu zinaonyesha nchi ikifunguka kama tikiti maji na maji yakimwagika ndani. Kinachofanya bahari siyo ufa wala maji. Ni mwamba mpya unaopanda kutoka chini kujaza nafasi.

Gamba likishavutwa na kuwa jembamba kupita kiasi, mwamba wa moto ulio chini yake, tabaka tunaloliita mantili, unapanda kuziba pengo. Mwamba huo si uji. Ni mgumu, ingawa una joto la zaidi ya nyuzi 1,200, kwa sababu uzito wa kilomita nyingi za mwamba unaukandamiza usiyeyuke. Ukipanda, ule uzito unapungua, na sehemu yake inayeyuka bila kuongezewa moto hata kidogo. Kama una sufuria ya presha jikoni umeshaliona jambo hili kwa namna yake. Maji ndani yanapita nyuzi 100 na bado hayafoki. Ukikosea ukafungua kabla presha haijatoka, yanafoka papo hapo, na jiko hukulichochea. Uji wa mwamba unaotokana na kupungua huko kwa mgandamizo hupanda, hukutana na maji baridi ya kina kirefu, huganda, na huwa sakafu mpya. Kisha mabamba, yaani vile vipande vikubwa vya gamba la dunia, yanavutwa tena, sakafu ileile inapasuka katikati, uji mwingine unajaza. Hivyo, kwa miaka mamilioni.

Wengi pia hudhani uji huo ndio unaoyasukuma mabara. Kwa sehemu kubwa ni kinyume chake: mabamba huvutwa kutoka kwingine, hasa pale kingo zao nzito zinapozama chini ya mabamba mengine, na uji hufuata nafasi iliyoachwa. Afrika Mashariki ina upekee wake, maana nyanda zetu za juu zimeinuliwa na mwamba wa moto unaopanda kutoka chini sana, na mwinuko huo nao unasaidia kuzivuta pande mbili.

Bahari ya Hindi ina mshono wa namna hii ulio hai. Safu ya milima ya Carlsberg inapita chini ya maji kutoka karibu na mlango wa Ghuba ya Aden ikielekea kusini-mashariki, na hapo sakafu inapanuka kwa sentimita mbili na nusu hivi kila mwaka. Hii si safu ya hivihivi. Mwaka 1962 meli ya Uingereza, HMS Owen, ilipita juu yake ikipima usumaku wa sakafu. Mwaka uliofuata vijana wawili wa Cambridge, Fred Vine na Drummond Matthews, wakatumia vipimo hivyo kueleza kwa nini miamba ya pande mbili za safu hiyo ina mistari ya usumaku inayopishana. Uji ukiganda hubeba mwelekeo wa usumaku wa dunia wa siku hiyo, na usumaku wa dunia hugeuka kila baada ya muda mrefu, mara ya mwisho ikiwa kama miaka 780,000 iliyopita. Sakafu kumbe ni kanda ya kurekodi inayojiandika pande mbili kwa wakati mmoja! Somo hilo dunia nzima imelipata kwa vipimo vya bahari yetu, na sijui kwa nini halimo vitabuni mwetu kwa herufi kubwa.

Kutoka Carlsberg mshono unaingia Ghuba ya Aden, ambako Arabuni iliachana na Somalia. Halafu unagawanyika: tawi moja linapanda Bahari ya Shamu, jingine linashuka nchi kavu kwa Waafari, Ethiopia. Hapo Afar ndipo mtu anaweza kusimama akaona bahari inavyoanza. Septemba 2005, eneo la Dabbahu, uji ulijipenyeza ardhini kwenye ufa wa urefu wa kama kilomita 60, na ndani ya wiki chache kingo zake zikaachana, mahali pengine kwa mita 8. Video ya kaka yako nina hakika imetumia Afar. Na kama imeonyesha barabara iliyokatika, basi hiyo ni ya Mai Mahiu, Kenya, Machi 2018. Pale ni mvua kubwa iliyochimbua majivu laini ya volkano yaliyokuwa yamejaza ufa wa zamani. Ufa ni wa kweli, ila hakuna bara lililopasuka wiki ile.

Mbele ya Kigamboni hakuna mshono kama wa Carlsberg. Uliwahi kuwapo kusini-magharibi mwa Bahari ya Hindi, Madagaska ilipokuwa imeungana nasi. Ilianza kubanduka kama miaka milioni 165 iliyopita, ikateleza kusini kufuata ufa mkubwa tunaouita Davie, na kufikia kama miaka milioni 120 iliyopita ule mshono ukafa. Kovu lilibaki. Sasa kipande kidogo cha gamba kilichobeba kusini mwa Tanzania na kaskazini mwa Msumbiji, bamba la Rovuma, linaachana taratibu na bamba la Somalia, na linachagua kukatikia palepale palipokuwa na kovu. Gamba ni kama khanga: ikishachanika na kushonwa, ikivutwa tena huanzia kwenye mshono.

Mwendo wake ni upi? Kaskazini, Ethiopia, nchi mbili zinaachana kwa milimita sita au saba kwa mwaka. Ukija kusini inapungua, na huku kwetu ni milimita chache mno. Tuchukue tatu, nikiwa nimekupa kwa ukarimu. Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331. Tangu siku ile hadi leo, kwa milimita tatu kwa mwaka, pengo limeongezeka kama mita mbili, sawa na kitanda cha mama. Kilomita moja ingechukua zaidi ya miaka laki tatu. Kiwanja chenu hakitaliona hilo, wala hati yake.

Kuna jambo moja ambalo kaka yako hakulitaja, na mimi nisingependa kulificha. Mei 2018 kisiwa cha Mayotte, kule Komoro, kilianza kutetemeka mfululizo, wiki juu ya wiki. Watu walilala nje. Mwaka uliofuata meli ya utafiti ya Kifaransa ikakuta kilomita kama 50 mashariki mwa kisiwa mlima mpya wa volkano, wenye urefu wa mita zaidi ya 800 kutoka sakafuni, mahali ambapo ramani za awali zilionyesha tambarare yenye kina cha mita 3,500 hivi. Wameuita Fani Maoré. Kisiwa kizima kilishuka sentimita kadhaa kwa sababu uji ulitoka chini yake. Kwa hiyo ukanda huu una uhai, na anayesema bahari yetu imelala fofofo hajasoma habari za majirani. Lakini hata Mayotte, penye volkano kubwa namna ile, pwani haikupigwa na tsunami.

Tsunami haiji kwa sababu ardhi imetikisika chini ya bahari. Inakuja pale sakafu inapoinuka au kushuka ghafla kwa mita kadhaa, katika eneo kubwa kiasi cha kunyanyua maji yote yaliyo juu yake. Hali hiyo hutokea hasa pale bamba moja linapozama chini ya jingine, kingo zikakwama kwa karne nzima, halafu zikaachia. Desemba 26, 2004, nje ya Sumatra, ufa uliachia kwa urefu wa zaidi ya kilomita elfu moja. Tetemeko lile, ukubwa 9.1, lilitoa nguvu zaidi ya mara elfu arobaini ya lile lenu la 2020. Maji yalitufikia baada ya muda wa saa tisa hivi, yakaua karibu watu 300 Somalia, na hapa kwetu watu kumi au zaidi, wakiwemo vijana waliokuwa wakiogelea Dar es Salaam. Saa tisa! Muda huo unatosha kwenda Dodoma kwa basi. Hawakufa kwa kukosa muda, walifariki kwa kukosa kuambiwa. Leo vituo vya Australia, India na Indonesia hutoa tahadhari kwa nchi zote za Bahari ya Hindi, na kwetu taarifa hupitia Mamlaka ya Hali ya Hewa.

Ukanda wa mabamba kuzamiana hatuna hapa. Ulio karibu zaidi ni Makran, nje ya Irani na Pakistani, uliotoa tetemeko la ukubwa wa 8 na ushee Novemba 1945 na tsunami juu yake. Mwambie kaka yako, kwa upole, kwamba Maskati inatazamana na Makran. Kwa habari ya tsunami, mama yupo mahali patulivu kuliko yeye.

Hatari kwetu si sifuri. Nyufa za kuvutwa zinaweza kutoa matetemeko makubwa: Rukwa mwaka 1910 lilifika ukubwa wa 7.4, Msumbiji mwaka 2006 likafika 7. La namna hiyo likitokea chini ya bahari karibu na pwani, au likiangusha matope mengi kwenye mteremko wa kina, mawimbi yanaweza kufika ndani ya dakika chache, kabla ya simu yoyote kulia. Kwa hiyo kariri hili na mfundishe mama: tetemeko likiwa kali kiasi cha kushindwa kusimama, au likidumu karibu dakika nzima, au bahari ikijitoa ghafla wakati si wa maji kupwa, ondokeni kwa miguu kwenda juu. Msisubiri tangazo, na msiende kuokota samaki.

Sasa dirisha la mama. Bukoba, Septemba 2016, tetemeko lilikuwa na ukubwa wa 5.9, karibu sawa na lile lenu, lakini lilikuwa chini ya watu. Waliofariki hawakupungua 17, na wengi waliuawa na kuta. Lenu lilikuwa mbali baharini, ndiyo maana mlipata ufa tu. Lingekuwa chini ya Kigamboni, ningetaka kujua ukuta huo umejengwaje.

Chukua penseli, weka alama pale ufa unapoishia kila upande, andika tarehe. Bandika kipande chembamba cha kioo kuvuka ufa kwa gundi isiyonyumbuka. Kikikatika ndani ya miezi michache, ukuta bado unatembea. Ufa mwembamba kama unywele, ulio kwenye plasta tu, unaweza kuvumilia mpaka siku ya kupaka rangi. Lakini kama unapita ngazi ngazi kwenye viungo vya matofali, unaonekana ndani na nje, sarafu inaingia, au dirisha limeanza kukaza, hapo usimwite fundi aje kuziba kwa saruji. Tafuta mhandisi wa majengo aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi aje auone kwa macho. Mwulize kama nyumba ina lenta yenye nondo inayozunguka kuta zote, au ilikatiwa juu ya milango na madirisha tu, maana nyumba nyingi za zamani ziko hivyo. Mwulize pia kuhusu msingi. Kigamboni ina maeneo ya mchanga wenye maji karibu, na mchanga wa hivyo ukitikiswa sana hulegea kama uji. Huenda pia akakwambia kwamba tetemeko halihusiki, ni mzizi wa mwembe au shimo la maji taka linalovuja. Mimi siwezi kujua kwa maandishi, na yeyote atakayekupa hukumu ya ukuta kwa picha ya simu mkatae. Ukitaka kumbukumbu za matetemeko ya eneo lenu, waandikie Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini, Dodoma.

La mwisho ni kisima. Mama ana haki: bahari inaingia chini kwa chini. Ila haiingii kwa sababu ya ufa. Maji baridi yameelea juu ya maji ya chumvi ardhini, kwa sababu ni mepesi kidogo. Kwa kadiri, kila mita moja ya maji baridi iliyo juu ya usawa wa bahari huzuia mita 40 za chini zisiingiwe na chumvi. Mkivuta kwa pampu mkashusha mita ile moja, mmeachia 40. Jumlisha na majirani wote waliochimba tangu daraja lijengwe. Pelekeni maji yakapimwe maabara, pumzisheni pampu wakati wa kiangazi, vuteni kidogokidogo badala ya kujaza tangi kwa mkupuo mmoja, na msikubali mchimbaji awaambie dawa ni kwenda chini zaidi. Chini zaidi ndiko iliko chumvi.